Ukungu Hauna Leseni

Kila ndege ndogo inapogonga mlima hapa Kenya, mshukiwa huwa ameshapatikana kabla waokoaji hawajafika. Redio ya asubuhi inasema ukungu. Afisa wa wizara anasema hali mbaya ya anga. Kwenye mazishi mhubiri anasema ni mapenzi ya Mungu. Halafu tunachanga, tunazika, tunasonga mbele hadi ndege nyingine ipotee, na mshukiwa yule yule anakamatwa tena.

Mimi nimechoka na huyu mshukiwa. Ukungu hauna leseni ya kuendesha ndege. Haukuuza tiketi, haukupanga ratiba, haukukaa kwenye mnara ukiangalia rada. Ukungu ni maji yaliyoning'inia hewani, na sisi wa Bonde la Ufa tumekua nao. Juni na Julai kuna asubuhi hapa Kariandusi ambapo Ziwa Elmenteita linapotea kabisa, barabara ya Nakuru inabaki sauti ya malori tu, na mtoto wa shule unamsikia akikohoa kabla hujamwona. Hakuna mtu hapa anayeshangaa. Tunajua unakuja lini, tunajua unakaa wapi, tunajua saa ngapi unaondoka. Kitu kinachojulikana hivyo hakiwezi kuwa ajali.

Watu wakisikia jina Kariandusi hukumbuka yale mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey na wenzake walianza kuyachimbua mwishoni mwa miaka ya 1920. Waliochonga mashoka hayo waliishi mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, na milima ya Aberdare walikuwa wanaiona pale pale ilipo leo. Nasema hivi kwa sababu ukisikiliza tunavyozungumza baada ya msiba, utadhani mlima ulitembea usiku ukakaa njiani.

Sasa chukua ramani na rula. Chora mstari kutoka Kitale hadi Nairobi. Mstari huo unapita karibu sana na hapa nilipo. Ndege hazifuati rula, zina njia zake na maagizo yake, lakini abiria wa Kitale akienda Nairobi anapita anga yetu, na akikaribia Nairobi upande wake wa kushoto kuna Kinangop. Jumanne tarehe 5 Juni 2018, Cessna Caravan ya FlySax iliondoka Kitale jioni ikielekea Jomo Kenyatta ikiwa na watu kumi, abiria wanane na marubani wawili. Mawasiliano yakakatika karibu saa kumi na moja. Helikopta zikatafuta, ukungu na mvua zikazirudisha, na familia zikakaa hotelini Nairobi zikingoja simu. Alhamisi asubuhi mabaki yakapatikana juu kwenye Aberdare, upande wa Njabini. Wote kumi walikuwa wamekufa.

Siku hizo mbili tuliongea mambo mengi mtandaoni. Wengine waliombea manusura. Wengine wakawa wataalamu wa ndege kwa saa arobaini na nane. Kisha ikaja habari kwamba wote wamekufa, na maongezi yakaisha kama taa iliyozimwa. Neno lililobaki vichwani ni lile lile. Muulize mtu yeyote leo ni nini kiliua wale watu wa Kitale, atakwambia ukungu.

Nakuru tulikuwa tumeshapitia hili. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi aina ya Y-12 ilianguka Marsabit ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa. Wabunge watano walikuwa ndani: Bonaya Godana, Abdi Sasura, Titus Ngoyoni, Guracha Galgallo, na wetu wa Nakuru Mjini, Mirugi Kariuki, wakili aliyefungwa enzi za Moi kwa msimamo wake. Walikuwa wanaenda kwenye mkutano wa amani, miezi tisa baada ya mauaji ya Turbi. Ukitaka kujua jinsi neno moja linavyoweza kula kumbukumbu nzima, simama pale karibu na soko la Nakuru uulize watu wa rika langu Mirugi Kariuki alikufaje. Wanaomkumbuka watasema ndege, kisha watasema hewa ilikuwa mbaya. Lakini msitu wa Mlima Marsabit unaishi kwa ukungu! Ndiyo maana kuna msitu katikati ya jangwa. Kila mtu aliyewahi kufika kule anajua asubuhi zake. Swali la maana ni nani aliamua nini, akiwa na habari gani mkononi, na swali hilo halipo kwenye kumbukumbu yetu.

Najua kuna mtu ataniambia, wewe si rubani, nyamaza. Sawa, mimi si rubani. Mimi ni abiria, ndugu yangu ni abiria, na mlima ni wetu. Hebu nieleze nilichoelewa, rubani yeyote anisahihishe.

Ndege kubwa ya abiria imefungwa na kujazwa hewa ndani, kwa hivyo inapanda juu kabisa, milima inabaki chini kama vichuguu. Caravan na ndugu zake haziko hivyo. Hewa ya ndani ni ile ile ya nje. Kanuni za kimataifa zinasema marubani wakiruka zaidi ya futi 10,000 kwa zaidi ya nusu saa wanahitaji oksijeni. Sasa weka hilo kando ya mlima. Kilele cha Kinangop kina mita 3,906, karibu futi 12,800. Lesatima kule kaskazini inafika kama mita 4,000. Na kanuni hizo hizo zinasema, ukiwa ndani ya mawingu juu ya milima, upite futi 2,000 juu ya kitu kirefu kuliko vyote kilicho karibu. Jumlisha. Ili kupita salama juu ya Kinangop bila kuona, unahitaji kuwa karibu futi 14,800. Ndege ndogo kwa hivyo huishi katikati ya milima, si juu yake. Inategemea kupita pembeni, kwenye nafasi, na kushuka mahali panaporuhusu kushuka. Hiyo si dhambi ya rubani. Ni hesabu ya biashara nzima: aina ya ndege, njia, oksijeni, ratiba, na yule anayekuelekeza kwa sauti ukiwa huoni kitu.

Wataalamu wana jina la ajali za namna hii, na ukilitafsiri kwa lugha ya nyumbani ni ndege nzima kugonga mlima. Nzima, yaani injini inafanya kazi, mabawa yapo, rubani ameshika usukani na hana habari. Hakuna kilichoharibika isipokuwa ujuzi wa mahali ulipo. Hiyo ndiyo inaniumiza. Chombo kikiharibika unaweza kulaumu chuma. Hapa chuma kilikuwa sawa.

Hebu tuone tunavyowatendea watu wa barabarani. Matatu ikigonga lori Soko Mjinga saa kumi na moja alfajiri, ukungu umetanda mpaka huoni boneti, umewahi kusikia polisi akisema ukungu umeua? Dere anakamatwa akiwa bado na damu kichwani. Sako inasimamishwa. NTSA inatoa taarifa jioni hiyo hiyo. Leseni, kidhibiti mwendo, bima, ukaguzi wa gari, vyote vinamwagwa mezani, na makanga analaumiwa hata kama amelazwa. Pale Salgaa wananchi walipiga kelele kuhusu malori hadi serikali ikajenga ukuta katikati ya barabara. Dere wa mathree hapewi msamaha wa ukungu, kwa sababu sote tunajua mtu anayeona ukungu anapaswa kupunguza mwendo ama kusimama. Lakini kitu hicho hicho kikipanda hewani na kuvaa sare yenye mistari begani, ghafla tunakuwa wacha Mungu.

Na msidhani natafuta rubani wa kusulubisha. Huyo ndiye mshukiwa wa pili, anayetolewa stoo wakati ukungu hautoshi. "Kosa la rubani." Neno hilo lina faida moja kubwa kwa wakubwa: rubani amekufa, hawezi kujibu.

Hapa kuna kisa ambacho ningependa kila mhariri wa habari Kenya akijue. Tarehe 28 Novemba 1979 ndege ya Air New Zealand iliyobeba watalii ilienda kuonyesha watu barafu ya Antaktika, ikagonga Mlima Erebus, watu 257 wakafa. Hakukuwa hata na ukungu wa kawaida. Kulikuwa na weupe, wingu jeupe juu ya theluji nyeupe, jicho haliwezi kutenganisha mteremko na anga. Mchunguzi mkuu wa ajali alitoa ripoti 1980: rubani alishuka chini mno. Kesi imefungwa, sivyo? Umma ukakataa. Tume ya Jaji Peter Mahon ikakaa, na 1981 ikaonyesha kwamba alfajiri ya safari shirika lilibadilisha namba za njia kwenye kompyuta bila kuwaambia marubani. Walidhani wanaruka juu ya mlango wa bahari ulio tambarare. Kompyuta ilikuwa inawapeleka mlimani. Mahakama za juu baadaye zilimkosoa Mahon kwa jinsi alivyowatuhumu wakubwa wa shirika kuficha ukweli, lakini suala la zile namba halikufutika. Mwaka 2019, miaka 40 kamili, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi kwa niaba ya serikali.

Miaka 40. Lakini radhi iliombwa, na iliombwa kwa sababu watu walikataa kuambiwa weupe wa theluji ndio ulioua, kisha wakakataa kuambiwa ni marehemu ndiye aliyeua.

Kisa kingine, kifupi. Kuna injinia mmoja wa Kanada, Don Bateman, aliyekufa 2023, ambaye pengine ameokoa watu wengi kuliko daktari yeyote unayemfahamu. Alitengeneza kifaa cha kumwonya rubani kwamba ardhi inakaribia, sauti kali inayomwamuru avute juu. Marekani ililazimisha ndege kubwa zikiweke baada ya ndege ya TWA kugonga mlima Virginia Desemba 1974 na kuua watu 92. Baadaye yeye na wenzake wakakiboresha kwa ramani za milima za dunia nzima, nyingine zilizotoka Urusi baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika. Kuanzia 2005 Marekani ikakidai hata kwenye ndege ndogo za injini ya tabo zenye viti sita ama zaidi. Ndege ya aina ya Caravan iko ndani ya hesabu hiyo. Kwa maneno mengine, tatizo la ndege kutojua mlima uko wapi lilishapata dawa, na dawa iko dukani. Kinachobaki ni kujua nani anayo, nani hana, nani amekizima kwa sababu kinapiga kelele, na nani anakagua. Hayo ni maswali ya karani mwenye daftari. Hayahitaji maombi.

Basi kwetu karani ni nani? KCAA ndiyo inayotoa leseni, ndiyo inayokagua mashirika, na ndiyo inayoendesha huduma ya kuongoza ndege angani. Refa na mchezaji wamevaa jezi moja. Idara inayochunguza ajali, AAID, iko ndani ya wizara ile ile inayosimamia uchukuzi. Sisemi kuna mtu mbaya hapo. Nina hakika kuna watu wanaofanya kazi yao usiku na mchana. Nasema mpangilio wenyewe unamweka mtu pazuri pa kupenda ukungu. Ukiwa wewe ndiye uliyekagua, wewe ndiye uliyeongoza, na jirani yako wa ofisi ndiye anayechunguza, ukungu ni zawadi.

Februari 2017 tulifurahia sana Marekani ilipotupa daraja la kwanza la usalama wa anga. Ilistahili. Watu walifanya kazi ngumu, na tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ikaruka moja kwa moja hadi New York, picha zikajaa kila mahali. Mwaka ule ule, miezi mitano kabla, watu kumi walikuwa wamelala siku mbili kwenye mvua ya Aberdare. Na tarehe 28 Oktoba 2025, ndege ndogo ya Mombasa Air Safari iliyotoka Diani ikielekea Maasai Mara ikaanguka kwenye vilima vya Kwale, watu 11 wakafa, watalii kumi na rubani Mkenya. Siku hiyo hiyo habari za kwanza zikaanza kutaja hali ya hewa. Mimi nilikuwa nimeshaandika sentensi hiyo kichwani kabla mtangazaji hajaisoma.

Inaniudhi pia jinsi uzito wa swali unavyolingana na uzito wa marehemu. Helikopta ya polisi ilipoanguka Ngong tarehe 10 Juni 2012 na kuwaua George Saitoti, Orwa Ojode na wengine wanne, tulipata tume, Jaji Kalpana Rawal kitini, mashahidi wakahojiwa hadharani, tukajadili mpaka moshi ndani ya chumba cha marubani. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa! Ila abiria wa Kitale hakuwa waziri. Yeye anapata taarifa ya awali yenye lugha ya mafundi, faili ya kompyuta kwenye tovuti ya serikali ambayo mama yake hataifungua kamwe.

Na hapo ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo. Kanuni ya kimataifa, Kiambatisho cha 13, inataka ripoti ya awali ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya mwaka mmoja ikiwezekana; isipowezekana, taarifa itolewe kila mwaka ajali inapotimiza miaka. Haisemi lazima iandikwe kwa lugha ambayo mwananchi wa kawaida ataielewa. Katiba yetu imesema. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa dola. Nataka ripoti ya kila ajali ya ndege iandikwe kwa Kiswahili pia, Kiswahili cha kueleweka, na isomwe kwenye baraza la chifu mahali ndege ilipoanguka na mahali ilipotoka. Njabini na Kitale. Golini na Diani. Londiani, ambako ndege ndogo ilianguka msituni Februari 2019 na kuua watu watano. Wale watu ndio waliosikia injini. Ndio waliopanda mlima na panga kufungua njia. Kule Bukoba, Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani katika hali mbaya ya hewa, wavuvi ndio waliofika kwanza, na kijana Majaliwa Jackson akawa shujaa wa Tanzania kwa kuwa alikuwa na mtumbwi na moyo. Tunawaita wanakijiji tukitaka mikono. Tukishapata majibu tunayaandika kwa lugha ya ofisini.

Mwenzangu mmoja wa Gilgil aliposikia wazo hili alicheka. Akasema, wasee watalala. Sidhani. Watu wanaokaa chini ya mlima wana maswali makali kuliko sisi tunaokaa na simu.

Jambo la pili ninalotaka ni la bei rahisi zaidi. Alaska, ambako ndege ndogo ndiyo matatu, serikali ya Marekani ilianza mwaka 1999 kuweka kamera kwenye njia za milimani. Rubani kabla hajaondoka anafungua kompyuta, anaona picha ya bonde lenyewe, wakati huo huo: leo kuna wingu, mlima haupo. Sasa kuna zaidi ya vituo 200. Sisi tuna busta za simu kwenye kila kilima chenye hadhi. Tuna vijana wanaorusha moja kwa moja ugomvi wa jirani kwa saa tatu bila kukatika. Halafu tunaambiwa rubani anayekaribia Kinangop jioni ya Juni hana njia ya kujua kama Kinangop inaonekana? Kamera tano. Moja Kipipiri, moja Njabini, moja Ngong, moja Marsabit, moja vilima vya Shimba. Weka umeme wa jua, weka lebo, peleka picha Wilson. Kama kuna sababu ya kutofanya hivyo, mtu aitaje hadharani kwa jina lake na cheo chake.

Naweza kuliona baraza lenyewe. Njabini, Jumanne, baridi, watu wamejifunga leso na makoti ya mitumba, viazi vimeachwa shambani nusu siku. Afisa kutoka Nairobi amesimama na karatasi. Anasema hali ya mwonekano ilikuwa hafifu. Mzee mmoja anainua mkono, anavua kofia, anauliza: "Hiyo tumeelewa, bwana. Huku ukungu ni wa kila Juni. Sasa tuambie, kabla ya kuingia kwenye huo ukungu, rubani aliambiwa nini, na aliyemwambia alikuwa anaona nini kwenye mashine yake?" Afisa anaangalia karatasi. Watu wanangoja.